Mwalimu Tuliyemtenga kwa Usingizi

Mwalimu hakuwa na shida na mtu mjinga. Shida yake ilikuwa na mtu anayejibu "nakuja" huku bado amekaa. Ukimjibu hivyo anakuja yeye, anasimama mbele yako, anakutazama mpaka unyanyuke, kisha anasema, "Sasa ndiyo umekuja," na anaondoka bila kukuambia alikuitia nini. Nimemfahamu zaidi ya miaka thelathini, kwanza yeye akiwa ubaoni na mimi dawatini, baadaye yeye mwenyekiti wa wazee wa kanisa na mimi katibu wake. Sijawahi kumwona akikimbia, wala akichelewa. Nasema haya mapema kwa sababu ninayotaka kusimulia yananihusu mimi kuliko yeye, na yananitia aibu, na nikianza na aibu yangu najijua, nitaishia kujitetea. Basi tumwangalie yeye kwanza.

Hapa kwetu Ilula nyanya ziko kila mahali. Mabasi yakisimama, akina mama wanakimbilia madirishani na ndoo zao, na kila anayejua biashara anajua zile nzuri zinakaa juu. Mwalimu alikuwa na tabia ya kupita pale jioni, akanunua sado moja, kile kindoo cha kupimia, akaimwaga yote juu ya turubai mbele ya abiria, akachambua moja moja. "Hii ya chini nayo si ilikuwepo?" anamuuliza mama wa watu. "Mbona ulikuwa unaificha?" Wale mama walimchukia mpaka wakacheka. Mmoja aliwahi kumwambia, "Mwalimu, wewe ungekuwa nyanya ungeoza kwa kukaa juu juani." Alicheka sana siku ile, na bado alimrudishia zile mbovu.

Darasani neno lake lilikuwa moja: "Rudia, lakini polepole." Ukikosea hesabu, rudia. Ukisalimia vibaya, unatoka nje, unabisha hodi, unaingia upya. Fimbo alitumia, nisimpambe. Lakini kitu alichokichukia kuliko utoro ni kusinzia. Aliamini usingizi wa mchana ni tabia, na tabia inarekebishwa. Nilipokuwa darasa la sita alinikuta nimelala juu ya daftari, akanisimamisha kwa mguu mmoja mpaka kengele, na kwa wiki nzima akaniita Bwana Godoro. Darasa zima likalichukua jina. Wiki iliyofuata akasikia kwa jirani yetu kwamba mama yangu alikuwa amejifungua vibaya, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakesha na mdogo wangu mchanga. Kesho yake akaingia darasani, akaweka chaki mezani, akasema mbele ya watoto hamsini, "Nilimwadhibu mwenzenu bila kumuuliza. Nilikosa. Na lile jina, atakayelirudia nitaanza naye." Kisha akafundisha sehemu na desimali. Sikujua siku ile kwamba watu wazima hawafanyi hivyo.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, kama sisi sote. Pombe aliichukia, hasa ulanzi, ile pombe ya mianzi, maana alisema umekula vichwa vya wanafunzi wake bora. Msimu wa mvua, mianzi ikianza kutoa, alikuwa anapita vilabuni mchana akiwataja watu kwa majina ya shuleni. Lakini nyuma ya nyumba yake kulikuwa na vichaka vitano vya mianzi, mizuri kuliko yote mtaani, na jirani yake alikuwa anaigema asubuhi na jioni. Ukimuuliza, anakujibu, "Mianzi ni ya kujengea banda. Kinachotoka humo ni cha jirani." Tulikuwa tunamtania. Hatukuona ubaya, mpaka tulipouhitaji.

Na alikuwa mgumu kufanya naye kazi. Hili lazima niliseme maana ndipo lilipoota jambo lenyewe. Mimi nina duka la pembejeo: mbegu, dawa, mbolea, mabomba ya kupulizia. Najiona mtu wa maana kidogo. Aliponichagua kuwa katibu nilishona suti. Kumbe kila kikao nikisoma muhtasari, Mwalimu ananyoosha kidole. "Katibu, hapo umeandika wajumbe wote. Wote ni nani? Mzee wa Mtaa wa Chini alinyamaza. Kunyamaza si kukubali. Rudia." Mbele ya mchungaji. Mbele ya vijana wa kwaya waliokuja kuomba vitambaa vya sare. Nikifika nyumbani nakataa chakula. Mke wangu ananiambia, "Si amekusahihisha tu?" Namjibu kwamba nina miaka arobaini na miwili, sina haja ya kusahihishwa. Nilikuwa nimeanza kumchoka, na nilikuwa sina ujasiri wa kumwambia.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa alipoanza kulala.

Alianza kanisani. Mahubiri hayajafika katikati, kichwa kinaning'inia. Tukadhani ni uzee. Halafu akalala katika darasa la kipaimara, akiwa amesimama, chaki mkononi, watoto wakamwacha vile wakaenda kucheza mpira. Halafu uso. Asubuhi unamkuta uso umevimba, macho madogo, na akitembea anayumba kidogo kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Vijana wanaopakia nyanya kwenye malori alfajiri wakaanza kusema kwamba wanamwona Mwalimu anazunguka barabarani wakati watu wenye akili zao wako kitandani. Na ulikuwa msimu wa mvua, ulanzi uko kila mlango. Mwanzoni lilisemwa kwa kicheko. Mwalimu naye kaonja. Baadaye likasemwa bila kicheko. Vile vichaka vitano vya mianzi, ambavyo miaka yote vilikuwa utani, vikawa ushahidi.

Sasa nifike mahali pangu.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, alikuja dukani. Alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," na mimi nikampa shikamoo, akakaa juu ya mfuko wa mbolea kwa sababu kiti kilikuwa na mzigo. Alitaka mbegu za kabichi. Akaanza kunieleza zile anazozitaka, na katikati ya sentensi akalala. Akalala kabisa, mdomo wazi. Nilimsogelea kumwamsha, nikainama, nikasikia pumzi yake.

Ulanzi naujua. Baba yangu aliunywa. Ile haikuwa harufu ya ulanzi, wala komoni, wala pombe yoyote iliyowahi kupikwa wilaya ya Kilolo. Ilikuwa harufu ya urea iliyopata unyevu. Mimi naiuza urea, naipima kwa kilo, nalala nayo kwenye nguo, na katika Ilula nzima kama kuna pua ambayo isingeweza kukosea harufu ile ni pua yangu. Mtu mzima anapumua mbolea. Nilisimama pale nikashangaa. Halafu nikaangalia mfuko alioukalia, nikajiambia, aa, ni mfuko. Ile mifuko ilikuwa ya mbolea ya kupandia, haina harufu ile. Nilijua. Nikamgusa bega, akaamka, akamalizia sentensi yake palepale alipoiachia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimelala.

"Mwalimu, unaumwa?" nilimuuliza.

"Usiku silali, Katibu. Miguu inanitembea. Nikiilaza, inataka kwenda. Naitii, naenda nayo barabarani, na kukipambazuka ndiyo usingizi unakuja. Sijui mwili huu umesoma ratiba ya wapi."

"Nenda hospitali."

"Nitakwenda baada ya kipaimara."

Wiki mbili baadaye baraza la wazee likakaa bila yeye. Mchungaji hakutaka haraka. Niseme haki yake. Alisema, "Huyu ni mwalimu wa wengi wenu. Kuna aliyemwona na kikombe?" Hakuna. "Kuna aliyenusa?" Wakajibu wawili watatu kwamba ananuka, hilo liko wazi, ukikaa naye karibu ananuka. Mchungaji akatugeukia wote. "Mwenye neno lingine aseme sasa."

Nilikuwa na neno. Neno dogo tu: si pombe. Ningeambiwa nieleze ningeeleza, na mtu angesema apelekwe hospitali, na yote yangekwisha kabla ya chai. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikamkumbuka ananyoosha kidole mbele ya kwaya. Nikanyamaza. Na kwenye muhtasari nikaandika, wajumbe wote walikubali. Hapakuwa tena na wa kuniambia rudia.

Kwa asiyejua desturi yetu, kutengwa ni hivi. Hufukuzwi kanisani. Unakaa palepale na wenzako, unaimba, unatoa sadaka, lakini watu wakinyanyuka kwenda kwenye Meza ya Bwana wewe unabaki umekaa, na kila anayepita anakukanyaga miguu na kukuomba radhi. Alitangazwa Jumapili. Nilisoma mimi, kwa sababu katibu ndiye anayesoma. Aliposikia jina lake alisimama, akasema kwa sauti ile ile ya darasani, "Nalala, ni kweli. Sijui kwa nini nalala. Pombe sijanywa." Nyuma kule mtu akacheka. Akakaa. Jumapili zote zilizofuata alikuja kwa wakati, akakaa, watu wakamkanyaga.

Wanafunzi wake wa zamani wakawa wanamsalimia kwa kumpigia saluti ya kilevi. Darasa la kipaimara akapewa mtu mwingine. Wale mama wa nyanya, ambao ndio pekee waliokuwa na sababu ya kumcheka, hawakumcheka. Mmoja alikuwa anamwekea kigoda kivulini asubuhi, analala pale mpaka jua linamfikia, na yeye anamsogeza. Sijui walijua nini ambacho baraza halikujua. Labda walimtazama tu.

Miezi minne alikaa hivyo. Binti yake anaishi Uyole, kule Mbeya, na Mwalimu alipokwenda kumsalimia akaanguka uani akiwa anaosha uso. Hospitali wakamwambia figo zote mbili zimekwisha kazi, na zimekwisha muda mrefu. Binti alinipigia simu mimi, kwa kuwa ni katibu. Alilia. Akasema daktari amemweleza kwamba uchafu ukijaa kwenye damu mwili unapoteza saa yake, mchana unakuwa usiku, miguu inakataa kutulia, uso unavimba, na hata pumzi inanuka mkojo. "Wanasema dalili zilikuwa wazi kwa mtu wa karibu," akasema. "Mama alidhani ni uzee. Baba hana mtu mwingine wa karibu huko?" Nilimwambia tutamwombea.

Aliporudi, alikuwa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine Iringa mjini, siku tatu kwa wiki. Alikuja na barua ya daktari, imekunjwa vizuri, akampa mchungaji. Mchungaji aliisoma mara mbili, akafuta miwani, akaniuliza mimi, "Katibu, tunafanyaje? Hili si tulikosea sisi?" Hapo nilipewa nafasi ya pili, na mtu hapewi nafasi ya pili kila siku. Nikajibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Aliyetengwa anarudi kundini kwa kusimama mbele ya usharika na kutubu. Hakuna njia nyingine iliyoandikwa. Nilisema hivyo kwa sababu njia nyingine ilikuwa kufuta muhtasari, na muhtasari ukifutwa mtu atauliza nani aliuandika, na nani alikuwa anajua nini. Mchungaji alikuwa bado mgeni, hajamaliza mwaka kwetu, akaniamini.

Mwalimu aliambiwa. Mke wake akakataa. "Atubu nini? Atubu figo?" Lakini yeye alikuwa ameikosa ile meza karibu nusu mwaka, na mtu aliyeambiwa figo zake zimekufa hahesabu miezi kama sisi. Alisimama mbele, mke wake amemshika kiwiko, mkono umefungwa bandeji pale mashine inapoingia. Akarudia maneno ya toba baada ya mchungaji, polepole, neno kwa neno. Alipofika penye "nimetenda dhambi ya ulevi" alisita kidogo. Nilikuwa nimekaa mbele, hatua nne kutoka kwake. Akanitazama. Kisha akasema. Akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba, na mimi nikaandika: amerudi.

Tangu hapo nimemwona katika maisha yake mapya, ambayo si mapya sana, maana bado ni Mwalimu. Maji anapimiwa kikombe kimoja cha bati kwa siku, anakunywa kwa kijiko, akikuona unamtazama anakuuliza kama wewe huna kazi. Nyanya haruhusiwi, kwa ajili ya figo. Yaani mtu wa Ilula, nyumba imezungukwa na nyanya, anazipita kila siku, na bado anamwaga sado za watu na kuchambua. Ndizi hapana, parachichi hapana, viazi mpaka vichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe. Usiku halali hata leo. Amejua basi gani la Mbeya linapita saa ngapi na lori lipi lina breki mbovu. "Maisha yangu yote nimegawa siku vipindi," aliniambia siku moja. "Sasa siku imekataa vipindi." Mchana anazidiwa popote alipo. Amelala msibani, amelala kwenye mkutano wa kijiji, amelala akisuluhisha ugomvi wa mpaka kati ya watu wawili, na alipoamka akawakuta wamepatana wakiogopa kumwamsha. Hilo alilifurahia.

Hajaniuliza kitu. Akija dukani anakaa kwenye kiti. Nimeweka kiti kizuri, chenye mto, kwa ajili yake, na kila nikikiona kile kiti najisikia vibaya zaidi.

Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda Iringa kuchukua mbegu, nikampa lifti kwenye pikapu yangu. Njia nzima alilala. Hospitalini nikasema nitamsubiri, nikaingia naye mpaka ndani. Alilazwa kwenye kiti kirefu, wakamchoma sindano mbili kwenye ule mshipa uliotutumka mkononi, damu ikaanza kutoka nyekundu inazunguka kwenye bomba na kurudi. Muuguzi, binti mchangamfu, akampigapiga kiganja. "Baba, leo usilale, tuongee. Ukilala hapa saa nne zote, usiku utakesha tena." Akanigeukia. "Wewe ni mwanawe? Muongeleshe, asilale."

Nikapewa kazi ya kumwongelesha. Nikaanza na bei ya vitunguu. Nikaongea mvua. Nikaona macho yanafumba. Na nadhani ni kwa sababu yalifumba ndipo nilipothubutu. Nilimweleza yote. Mfuko, harufu, kikao, kalamu. Kwamba nilijua si pombe. Kwamba nilinyamaza kwa sababu ya kusahihishwa muhtasari, sababu ya kitoto kiasi hiki, na kwamba hata barua ilipokuja nilimfanya asimame mbele za watu ili mimi nisisimame. Nilikuwa nalia, tena kwa kelele, mpaka mgonjwa wa pembeni akageuza uso ukutani kwa heshima. Nikasema, "Nisamehe, Mwalimu."

Hakufumbua macho. Nikadhani amelala, na nitasema ukweli kwa vile nimeamua kuusema: nilifarijika.

"Ile siku nimesimama mbele," akasema, macho bado yamefumba, "walikuwepo watu wangapi?"

"Wengi, Mwalimu. Kanisa lilijaa."

"Nikatubu dhambi ambayo sikuifanya, mbele ya kanisa lililojaa." Alimeza mate kwa shida, midomo ilikuwa imekauka. "Wewe ya kwako umeifanya. Na unataka tuimalize hapa, mimi na wewe na mashine?"

Nikafuta uso kwa mkono wa shati.

"Mimi nimeshakusamehe zamani, hilo lisikusumbue," akasema. "Nilijua tangu dukani. Uliniuliza kama naumwa. Mtu aliyedhani nimelewa asingeuliza. Lakini wajukuu wangu wanaitwa wajukuu wa mlevi, Katibu. Msamaha wangu hauwasaidii." Kisha akalala kweli, na muuguzi alipopita akanitazama kwa lawama kwamba kazi ndogo vile imenishinda.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Jumapili nitasema." Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili ilifika. Niliandika kwenye karatasi, sentensi nne, nikazisoma chumbani mpaka mke wangu akauliza naongea na nani. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wametoka na mazao kwa ajili ya mnada wa mavuno. Ibada ikaenda, mahubiri yakawa marefu, watu wazima wakasinzia kwa joto. Mwalimu alikuwa amekaa na mke wake na wajukuu wawili. Nilimwangalia mara nyingi. Mtu ambaye hajawahi kumaliza mahubiri tangu augue, siku ile alikuwa amekaa wima, mikono magotini, macho wazi, ananitazama mimi.

Mchungaji akasema, "Katibu, matangazo."

Nikasimama. Nikatangaza mnada utaanzia kwa wenye mahindi, wenye kuku wasubiri nje upande wa kushoto, na kwamba mwenye funguo za ghala azilete. Mchungaji akauliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna, nikakaa.